Mrejesho: zile puli nyepesi za kupunguza ulaji wa mafuta

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kama nikifunga puli nyepesi (yale magurudumu ya mbele ya injini yanayoendesha mikanda) mwenyewe nyumbani kwenye Subaru Impreza mafuta yatapungua. Nimefunga. Kazi yote ilikua boliti ya krenki (shafti kuu ya injini), soketi 22 na bomba refu kwenye mpini, ilivyoachia ilipiga mlio nikajua nimeikata kumbe imelegea tu, mikanda ikawa rahisi.

Gari ukikanyaga inaitikia haraka kidogo, hilo nalisema kwa moyo mmoja. Ila mafuta nimepima tenki tatu kwa kujaza ful na kusoma kilomita, njia ileile ya kazini, tofauti haipo. Nadhani ni kwasababu uzito wa puli unausikia pale injini inapopanda mizunguko tu, mwendo ukitulia haina kazi. Halafu puli ya krenki ni ndogo kuliko ya zamani, oltaneta inayozalisha umeme wa gari inazunguka taratibu, usiku kwenye foleni nikiwasha AC na taa, taa zinafifia kabisa.

Jumamosi narudisha za zamani. Na tafadhali kama puli yako ina raba katikati usiitoe, ile inameza mtetemo wa krenki.