Chumba cha chini: gumzo la kikundi cha Ukoo wa Mkunazini, Zanzibar

Rahma: Assalaam alaykum wote. Mama kanikubalia nihamie chumba cha chini, kile alichokuwa akilala bibi kabla hajapandishwa juu. Nataka kukipamba upya mwezi huu huu. Sijawahi kushika hata brashi, kwa hiyo naombeni mawazo. Ninachokitaka ni hiki.

Rahma: 📷 (kitanda kipana, kuta za kijivu cha mkaa, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa)

Nuru: Wa alaykum salaam. Uwiii kizuri! Ukuta mmoja kijivu, mingine mitatu meupe, pazia mpaka sakafuni. Khalas.

Shangazi Zuhura: Wa alaykum salaam mwanangu, hongera. Ila hicho cha hotelini. Cha kwetu kina dirisha moja nalo linatazama kichochoro.

Nuru: Shangazi si kuna umeme 😂

Shangazi Zuhura: Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, wewe utakayelipa.

Ami Salim (Maskati): Rahma, umetuonesha chumba cha watu. Chako kiko wapi?

Rahma: 📷📷📷

Hemed: Lo! Rangi imebanduka kiasi hicho?

Rahma: Ndiyo, kuanzia chini mpaka kiunoni. Ukigusa inatoka unga mweupe. Nitaikwangua, nipige skimu ya kulainisha ukuta, halafu rangi ya silk, ile ya plastiki inayong'aa, juu yake. Muuzaji kaniambia ndoo ya lita 20 itatosha.

Mjomba Khamis: Usinunue kitu.

Mjomba Khamis: 🎤 2:41

Nuru: Nimo ndani ya daladala, spika ya dereva inapiga taarabu. Nani ataniandikia?

Rahma: Mjomba anasema unga ule ni chumvi. Kuta za nyumba yetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hazina msingi wa kuzuia maji kama nyumba za siku hizi, kwa hiyo unyevu unapanda kutoka ardhini. Zamani ulikuwa unatoka wenyewe kwenye chokaa. Rangi ya plastiki ikipakwa juu maji hayana pa kutokea, chumvi inaganda nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke. Anasema ni kama kumvalisha koti la mvua mtu anayetoka jasho. Nikipaka silk, masika ijayo nitaanza upya.

Mjomba Khamis: Na kuna mtu alipiga saruji pale chini, naiona kwenye picha ya pili. Nani?

Mama Rahma: Huyo tusimtaje, anasoma kikundi hiki.

Hemed: Jamani mimi nilikuwa nasaidia tu kuchanganya.

Ami Salim (Maskati): 😂😂

Rahma: Sasa mjomba saruji ina ubaya gani? Si ngumu zaidi?

Mjomba Khamis: Ugumu wenyewe ndio ubaya. Maji yakiikuta saruji yanapanda juu yake. Ndiyo maana alama ilikuwa magotini sasa iko kiunoni. Inatolewa yote.

Nuru: Kwa hiyo hakuna kijivu? Nimeumia mimi.

Ami Salim (Maskati): Ngojeni. Ule ukuta wa kaskazini si ulijengwa baadaye, pale tulipokigawa chumba na stoo? Ule ni wa matofali ya saruji.

Mjomba Khamis: Kweli kabisa. Ule hauna chumvi, nimeugonga mara nyingi. Ule apake atakacho hata kama ni zambarau.

Rahma: Alhamdulillah!!! Basi kijivu changu kimepata pa kukaa.

Ami Salim (Maskati): Nipe vipimo mwanangu. Usipime kwa hatua, chukua futi kamba.

Rahma: Urefu mita 4.2, upana 2.6, kimo 3 kasoro kidogo.

Nuru: Mbona kimebana hivyo?

Mjomba Khamis: Boriti. Fundi wa zamani alijenga upana wa boriti aliyoipata mikokoni, basi. Nenda nyumba yoyote Mji Mkongwe, vyumba virefu vyembamba.

Ami Salim (Maskati): Haya, hesabu. Huo ukuta wa tofali ni 2.6 mara 3, karibu mita 8 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili unahitaji lita moja na nusu na ushee. Nunua lita 2. Hata ungepaka chumba kizima usingefika lita 8. Huyo wa lita 20 alitaka kukuuzia na ya jirani.

Rahma: 😳

Shangazi Zuhura: Na kitanda?

Rahma: Nilitaka 6 kwa 6. Rafiki yangu anauza chake.

Shangazi Zuhura: Mwanangu futi 6 ni sentimita 183, ongeza mbao za pembeni ufike 190. Kati ya 260 zinabaki 70, upande huu 35 na ule 35. Utapita ubavu kama kaa. Chukua 5 kwa 6.

Mama Rahma: Na samadari ya bibi, kile kitanda chake cha nguzo, iko juu imefunguliwa, imefungwa kwenye mkeka. Ni 5 kwa 6 hiyo. Nguzo zote nne zipo, kimekosekana kioo kimoja tu cha kwenye kichwa.

Nuru: Samadari na ukuta wa kijivu nyuma yake? Wallahi nahamia mimi.

Rahma: Sikujua ipo!! Mama mbona hukusema?

Mama Rahma: Hukuuliza. Ulikuja na picha ya hoteli.

Shangazi Zuhura: Kichwa kiwe kaskazini, miguu isielekee kibla. Na ukuta wa tofali ndio wa kaskazini, kwa hiyo mambo yamejipanga.

Rahma: Dari je? Ile jipsamu yenye taa naipenda sana.

Mjomba Khamis: 🎤 0:48

Hemed: Naandika mimi, nijisafishe. Mjomba anasema boriti zisifunikwe. Zikifunikwa hutaona mchwa wala maji ya bafu la juu mpaka siku dari ikuangukie. Pia utapoteza kimo, na joto la mwezi wa pili unalijua. Zipanguswe, zipakwe dawa ya mchwa, kati ya boriti na boriti paka chokaa nyeupe.

Rahma: Sawa, jipsamu nimeizika. Ila taa msininyime.

Nuru: Taa ni lazima. Usiweke ile glopu nyeupe ya dukani, kijivu kitakuwa kama mochari. Tafuta za mwanga wa manjano, kwenye boksi wanaandika 2700K au 3000K. Moja ukutani karibu na kitanda, moja kwenye kona. Na kabla hujapaka chukua kadibodi kubwa, ipake kijivu chako, iegemeze ukutani. Itazame asubuhi, itazame mchana, itazame usiku taa ikiwaka. Mimi nilipaka sebule hapa Dar bila kujaribu, kijivu cha kwenye kikaratasi kikageuka urujuani.

Hemed: Ule ulikuwa urujuani? Mimi nilidhani ndiyo ulivyotaka.

Nuru: Hemed, zungumzia saruji yako.

Rahma: Na kabati nilipange ukuta gani? Na dirisha, nilifikiria kulipanua kidogo.

Ami Salim (Maskati): Dirisha la nje usiliguse. Mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Ukitaka kubadilisha mlango au dirisha la nje unapita kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe. Brashi ya ndani haina neno.

Mjomba Khamis: Kabati lisibandikwe kwenye jiwe. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite, na liwe na miguu. Lile la mbao za kubanwa likikaa sakafuni linavimba.

Shangazi Zuhura: Na nguo zinanuka ukungu. Udi hautoshi kuondoa harufu hiyo, msidanganyane.

Rahma: Mjomba, nipe basi kazi kwa mpangilio, niache kuota.

Mjomba Khamis: Kwanza maji. Nje ya huo ukuta, kichochoroni, bomba la AC ya jirani linadondokea pale pale chini ya msingi. Usipoliondoa hata mimi nisiitwe. Pili, tunakwangua rangi yote na saruji mpaka jiwe lionekane. Tatu, linaachwa wazi lipigwe na upepo wiki kadhaa, unafagia chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Rahma: Wiki kadhaa 😭 Nilisema mwezi huu.

Mjomba Khamis: Mwezi hausemi kitu kwa ukuta. Shukuru sasa ni kipupwe, kusi linavuma. Ungeanza masika ungengoja zaidi. Halafu lipu ya chokaa na mchanga, bila saruji hata kijiko. Lipu hiyo unainyunyizia maji siku za mwanzo isikauke kwa pupa. Mwisho chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo. Ikiwa mbichi utaona haijashika, utataka kuongeza uzito. Usiongeze. Ikikauka inakuwa nyeupe yenyewe.

Nuru: Lakini chokaa si inapakaza nguo?

Mjomba Khamis: Ikiwa nzito au imepakwa kwenye ukuta mkavu, ndiyo. Na pale mtu anapoegemea tundika mkeka, ndivyo walivyofanya wazee.

Rahma: Mkeka ukutani naupenda. Naomba ule wa Pemba wa rangi, shangazi.

Shangazi Zuhura: Uko chini ya godoro langu. Utarudi?

Rahma: ...

Shangazi Zuhura: Basi nitakununulia mwingine.

Mama Rahma: Na nani atazungumza na jirani? Mimi na yeye hatujambo tu, hatuzidishi.

Shangazi Zuhura: Niachieni mimi. Nitakwenda na visheti.

*Siku iliyofuata*

Shangazi Zuhura: Nimetoka kwa jirani. Kakubali. Anataka mpira wa mita 6 uyapeleke maji mpaka kwenye mtaro, anatoa nusu sisi nusu. Kaomba na visheti vingine.

Ami Salim (Maskati): Mpira natoa mimi, nusu zote mbili. Tusianze hesabu na mtu wa dirisha kwa dirisha.

Rahma: Ahsante sana ami. Nimepaka kadibodi mbili, kijivu cha mkaa na kijivu chepesi chenye ujanijani. 📷📷 Usiku ile ya mkaa inameza taa yote.

Nuru: Chepesi. Bila mjadala.

Mama Rahma: Chepesi, na samadari itaonekana.

Hemed: Mkaa 😎

Rahma: Hemed kura yako imebatilishwa kwa kesi ya saruji. Nachukua chepesi, lita 2.

Mjomba Khamis: Ukuta wa tofali ndio wa mwisho kupakwa, vumbi la kukwangua likishaisha. Jumamosi saa mbili asubuhi niko mlangoni. Nguo mbovu, glavu, na miwani ya kukinga macho, chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Hemed na wewe njoo na patasi.

Hemed: Jumamosi nina...

Mama Rahma: Huna.