Ukoo wa Bi Mwana: safari ya Boston

Salma: Assalam aleykum ukoo mzima, shikamooni wakubwa wote. Viza zimetoka zote alhamdulillah 🙏🙏 mimi, mama, mjomba Haji na watoto wangu wawili. Tunakuja Agosti inshallah. Da Rehema uko wapi

Rehema: Waaleykum salaam, niko kazini lakini nimeiona, nimepiga kelele mpaka wenzangu wamegeuka 😭 alhamdulillah jamani. Shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo

Mjomba Haji: Marhaba mwanangu. Mungu akuweke.

Mama Mdogo Zuhura: Marhaba mama. Usitupeleke mbio mbio tu, goti langu unalijua

Salma: Da Rehema sa tupangie maana nimefungua simu nikaona orodha ndefu mpaka nikachoka, mara hiki mara kile, na kila kitu dola. Tuanzie wapi?

Rehema: Salma funga hiyo orodha. Boston ni mji wa bandari, uanzie majini uelewe mengine yote. Siku ya kwanza mnapumzika kwangu, ya pili nawapeleka Long Wharf, hilo gati ni la tangu miaka ya 1700 mwanzoni na mpaka leo boti zinatoka hapo. Tunapanda boti ya abiria ya mji, ile wanayopanda watu wa kazini, nauli haifiki dola 5, inavuka mpaka Charlestown. Ukiwa katikati ya maji unaona mji wote umekuzunguka, ndege zinashuka upande wa uwanja wa Logan karibu na maji kabisa, watoto watafurahi. Kuna watu wanalipa hela nyingi boti za watalii kuona hayo hayo

Salma: hapo nimekuelewa. Charlestown kuna nini

Rehema: Kuna meli ya vita ya mbao, USS Constitution, ilishushwa majini 1797 na mpaka leo inaelea na bado ni meli ya jeshi lao la majini kabisa, haijastaafishwa. Kuingia BURE. Watu wazima waje na pasipoti au kitambulisho maana ni eneo la jeshi mnakaguliwa. Wanaowatembeza ni wanamaji wenyewe na sare zao, wanaeleza vizuri sana. Ile meli ubao wake ni mwaloni mnene, vita ya 1812 walivyopigana na Waingereza mizinga ilikuwa inagonga ubavuni inadunda, ndio ikapewa jina la utani la mbavu za chuma. Juu pale sitahani mama mdogo utafika bila shida, ila kushuka chini kwenye mizinga ni ngazi za wima kweli kweli na dari iko chini, hapo ubaki juu na mjomba mpige picha

Mama Mdogo Zuhura: Mimi sishuki popote. Nitakaa juu nipunge upepo

Idrisa: Shikamooni. Da Rehema na ule mnara wa Bunker Hill si uko hapo hapo Charlestown? Naona watu wanapanda juu

Rehema: Upo, unatembea dakika chache tu kutoka kwenye meli. Ngazi 294 na hakuna lifti. Salma apande na watoto, wazee wabaki chini kwenye majani kuna mabenchi. Nao bure. Vita yenyewe ilikuwa 17 Juni 1775, Wamarekani wakipigania uhuru, Waingereza walikiteka kilima lakini walipoteza watu wengi mno

Mjomba Haji: Hiyo vita nimeisomesha miaka mingi sekondari, vijana walikuwa wanaichanganya na ile ya chai.

Salma: 😂 mjomba hiyo ya chai ndo watoto wanayoitaka, wameona kwenye simu watu wanatupa masanduku baharini, hawalali

Rehema: Ipo, makumbusho ya Tea Party, ule usiku watu wa Boston walipotupa chai baharini kupinga kodi ya Waingereza, iko kwenye daraja la Congress Street, meli za kuigiza zimefungwa pale majini. Waigizaji wamevaa nguo za zamani, wanawapa kila mtu jina la mmoja wa waliokuwepo usiku ule, mnafanya mkutano mnapiga kelele kisha mnapanda melini mnatupa sanduku. Sanduku lina kamba wanalivuta juu mwingine anatupa tena. Ni ghali, zaidi ya dola 30 mtu mzima. Kwa watoto naona inafaa kabisa maana historia wanaishika kwa mikono, ila wazee sioni sababu ya kuwalipia, mjomba ataniambia

Mjomba Haji: Nawaachia watoto. Tarehe 16 Desemba 1773, masanduku 342, na chai yenyewe ilitoka China. Watu wanadhani ilitoka India kwa sababu ya jina la kampuni, East India Company. Waambie watoto hilo kabla hawajatupa.

Salma: nimewaambia, mkubwa kashaandika kwenye daftari 😍

Mama Mdogo Zuhura: Na chakula? Nasikia pale kila kitu samaki

Rehema: Samaki ndio wenyewe mama mdogo, utajisikia nyumbani. Ila hapa nisikilizeni vizuri: ile supu yao nzito ya chaza na maziwa, chowder, sehemu nyingi wanatia nyama ya nguruwe, vipande vidogo vya kukaanga vinatoa mafuta mwanzoni, huvioni kirahisi ndani ya ule weupe. Kwa hiyo ULIZENI KILA MAHALI kabla ya kuagiza, msione haya. Mkate wa kambakoche hauna shida, ni nyama ya kambakoche na siagi au mayonezi basi, bei yake ndo inauma. Quincy Market pale karibu na Long Wharf ni soko la tangu 1826, siku hizi ni vyakula vitupu ndani, mtaangalia na kunusa lakini kula tutakula kwingine bei iko juu na watu wamejazana. Tukitoka hapo tunapita North End mtaa wa Waitaliano, vitamu vyao mama mdogo utavipenda

Mama Mdogo Zuhura: Nguruwe kwenye supu ya samaki?? Ya rabi

Idrisa: Mjomba usisahau Boylston Street tafadhali, mstari wa kumalizia marathon. Alphonce Simbu wetu mwaka 2025 kamaliza wa pili pale pale, miezi michache baadae akachukua dhahabu ya dunia Tokyo. Mimi nikipata picha ya mjomba amesimama pale nitaifremu

Mjomba Haji: Kabla ya Simbu kulikuwa na Juma Ikangaa. Wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989, 1990. Ile ya 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde MOJA baada ya kilomita 42. Tulikuwa tunafuata kwa redio. Hussein ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, tumpe haki yake, lakini Ikangaa aliumiza watu roho.

Idrisa: sekunde moja mjomba 💔 huo mstari wenyewe uko mwaka mzima da Rehema au wanaufuta

Rehema: Upo mwaka mzima, umepakwa rangi barabarani mbele ya maktaba kuu ya mji, njano na buluu. Magari yanapita juu yake kwa hiyo mnasubiri taa, watu wanakimbilia katikati mnapiga picha haraka mnatoka. Maktaba yenyewe ingieni, ni bure, ina ukumbi wa kusomea mkubwa na taa za kijani na ua katikati lenye chemchemi, mama mdogo atakaa hapo apumzishe goti na hakuna wa kumuuliza

Salma: na hii Freedom Trail naona kila mtu anaisema, lazima?

Rehema: Ni mstari mwekundu chini, sehemu nyingine matofali sehemu nyingine rangi, unaufuata kwa miguu kama kilomita 4 kuanzia bustani ya Boston Common mpaka Charlestown, vituo 16. Msiufuate wote. Kipande nnachokipenda ni kuanzia makaburi ya Granary mpaka Old State House, dakika chache tu za kutembea. Pale Granary amezikwa Crispus Attucks, alikuwa na asili ya Afrika na ya wenyeji wa nchi ile, ndiye anahesabiwa wa kwanza kufa askari wa Kiingereza walipopiga risasi umati 5 Machi 1770. Mbele ya Old State House kuna duara la mawe limewekwa chini kukumbuka ile siku, watu wanalikanyaga wanapita wanawahi treni hata hawaangalii. Nikija na wageni nasimama nao pale nawaambia angalieni chini

Rehema: Halafu kuna jambo nataka mnisikilize kwa moyo. Wageni wengi wakija Boston wanaona majengo ya matajiri wanaondoka. Ukumbi wa Faneuil wa 1742 unasifiwa sana kuwa chimbuko la uhuru, na aliyeutoa kwa mji, Peter Faneuil, alikuwa mfanyabiashara na sehemu ya mali yake ilitokana na biashara ya watumwa. Uoneni, sisemi msiuone. Ila panda kidogo Beacon Hill, mtaa wa Joy, kichochoro kinaitwa Smith Court, kuna African Meeting House. Watu weusi walilijenga wenyewe 1806, ndilo jengo la kanisa la weusi kongwe kuliko yote yaliyobaki Marekani. 1832 chama cha kupinga utumwa cha New England kiliundwa mle ndani. Frederick Douglass, yule aliyetoroka utumwani akawa mpinga utumwa mkubwa, amehutubia mle ndani. Ni chumba cha kawaida tu, mabenchi ya mbao, madirisha marefu, mwanga unaingia vizuri, na mnakaa pale pale walipokaa wale watu. Mimi kila mgeni wangu nampeleka hapo, hata akiwa na siku moja tu mjini

Salma: da Rehema umenisisimua. hapo lazima

Mjomba Haji: Hapo nitakwenda kwa miguu hata kilima kiwe kikali vipi.

Rehema: Kilima kipo mjomba na matofali ya njiani hayako sawa, vaeni raba wote. Mama mdogo tutamchukulia gari mpaka mlangoni

Idrisa: Na nyangumi? Nasikia kuna boti inakwenda kuangalia nyangumi

Rehema: Ipo inatoka gati la karibu na akwariamu, inakwenda nje mpaka Stellwagen Bank, kama saa tatu na nusu mpaka nne kwenda na kurudi. Agosti nyangumi wapo. Lakini ni hela na ni bahari ya wazi, anaeumwa na mawimbi ajijue, na upepo wake ni baridi hata jua likiwaka mnabeba makoti. Kama bajeti hairuhusu, pale nje ya akwariamu kuna sili wanaogelea nyuma ya kioo, hulipi kitu, watoto wanakaa nusu saa hawataki kuondoka. Jumapili jioni naona bora Castle Island huko South Boston, ngome ya zamani ya mawe, unazunguka kwa miguu ufukweni njia ni tambarare, wenyeji wamejaa na watoto wao, ndege zinapita juu ya kichwa. Nayo bure

Mjomba Haji: Rehema, mimi nina ombi moja tu. Salem. Ni mbali?

Rehema: MJOMBA nilikuwa naiweka mwisho kwa ajili yako!! Treni kutoka North Station ni kama nusu saa. Wikiendi kuna tiketi ya dola 10 unapanda treni hizo Jumamosi na Jumapili unavyotaka. Au boti kutoka Long Wharf kama saa moja, kiangazi zipo. Mimi nasema twende kwa boti turudi kwa treni, uingie Salem kwa mlango wake wa bahari

Salma: Salem si ile ya wachawi? mama hataki mambo hayo 😅

Mama Mdogo Zuhura: Sitaki

Rehema: Ile kesi ya 1692 ilitokea, watu 19 walinyongwa bila hatia na mzee mmoja akaelemewa mawe mpaka akafa, kuna mahali pa kumbukumbu pao, mabenchi ya mawe yana majina yao, ni pa heshima na kimya. Maduka ya kofia na mifagio tutayapita. Bora mnakuja Agosti, Oktoba mji ule haupitiki kwa watu. Mjomba waeleze wewe la kwetu

Mjomba Haji: Haya. Miaka ya 1830 mpaka katikati ya karne ile, meli za Wamarekani zilizokuja Unguja nyingi zilitoka Salem. Mkataba kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walileta vitambaa vya pamba, hizo merikani walizovaa watu mpaka Tabora na Ujiji, wakachukua pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara, ikaletwa Unguja, ikapelekwa Salem kusafishwa, ikawa vanishi ya samani. Nimelisomesha hilo darasani bila hata picha moja. Nataka nilione gati la meli hizo.

Idrisa: mjomba hii sikuijua kabisa wallahi

Rehema: Utaliona. Linaitwa Derby Wharf, limeingia mbali baharini, mwisho wake kuna mnara mdogo wa taa wa 1871, unatembea mpaka mwisho maji pande zote. Mbele yake ni forodha ya 1819, matofali mekundu na tai wa dhahabu juu. Ndani ya mji kuna makumbusho ya Peabody Essex, yalianzia kwenye chama cha manahodha cha 1799, huwezi kuwa mwanachama mpaka uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Cape Horn kwa meli. Ukumbi wao wa 1825 bado upo mle ndani. Pale kuna kulipa, mjomba nitakulipia mimi, na tutakaa mpaka wafunge ukitaka

Mjomba Haji: Nitakuja na daftari. Mungu akubariki mwanangu.

Salma: basi mpango nauona: siku ya meli na mnara, siku ya chai na sili, siku ya Beacon Hill na Boylston, Salem Jumamosi, Castle Island Jumapili. Na kutoka eapoti tunapanda nini

Rehema: Nitakuja kuwapokea, lakini nikichelewa basi la Silver Line SL1 kutoka Logan mpaka South Station ni bure, mnaingia tu na mizigo. Watoto wa miaka 11 kushuka hawalipi treni za mjini wakiwa na mtu mzima. Mama mdogo nitumie saizi yako ya koti, nianze kukutafutia jepesi la kwenye boti

Mama Mdogo Zuhura: Kubwa. Liwe na mifuko