Kwa nini Blu-ray ilichelewa kuingia majumbani?

Mtazamaji wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Shemeji yangu aliyerudi kutoka Marekani ameniletea deki ya Blu-ray pamoja na diski sita. Nimeiunganisha na televisheni ya inchi 43, na jana usiku nilisimamisha picha ya mzee aliyeketi mbele ya duka: ndevu zake zilikaribia kuhesabika unywele mmoja mmoja, na maandishi madogo ya kibao kilichokuwa nyuma yake yalisomeka bila shida. Kwenye DVD sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: Blu-ray ilianza kuuzwa mwaka 2006, lakini hata katika nchi tajiri watu waliendelea kununua DVD kwa miaka mingi, ilhali DVD yenyewe, iliyoanzia Japani mwaka 1996, iliziondoa kanda za VHS kwa kasi kubwa. Je, watu hawakuiona tofauti? Na kwa nini deki hii inaikataa DVD halisi niliyoinunua Nairobi?

Fundi wa Deki

Nianze na hilo la mwisho. Filamu za diski hugawiwa kwa maeneo ya dunia. Kwa DVD, Marekani ni eneo la 1 na Afrika Mashariki ni eneo la 5; kwa Blu-ray, Marekani ni A na sisi ni B. Deki yako ni nzima, inatii tu mpangilio iliyowekewa kiwandani.

Kuhusu kuchelewa, mwaka huohuo wa 2006 zilitoka diski mbili zilizoshindana, Blu-ray ya Sony na wenzake na HD DVD ya Toshiba. Zote zilitumia leza ya buluu yenye mawimbi mafupi ya nanomita 405, badala ya nyekundu ya 650 inayosoma DVD, na kwa kuwa mawimbi mafupi husoma alama ndogo zaidi, tabaka moja la Blu-ray linabeba gigabaiti 25 wakati la DVD linabeba 4.7. Lakini deki ya upande mmoja haikusoma diski za upande mwingine, na kampuni za filamu nazo ziligawanyika. Mnunuzi mwenye busara alisubiri. Deki ya kwanza ya Blu-ray kutoka Samsung iliuzwa Marekani kwa karibu dola 1,000, na nani angetoa fedha hizo kwa kitu ambacho kingeweza kufa kesho? Toshiba ilijitoa Februari 2008, wiki chache baada ya kampuni ya filamu ya Warner kutangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Kufikia hapo Blu-ray ilikuwa imeingia nyumba nyingi kwa mlango wa PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony iliyosoma pia diski hizo.

Mama wa Kanda

Kaka Fundi, nakubaliana nawe kuhusu ushindani huo, ila naona unaupa uzito kupita kiasi, kwa sababu ulipokwisha bado watu hawakukimbilia Blu-ray. Mimi nilikodisha kanda za video Mombasa kwa miaka kadhaa. Kila asubuhi nilirudisha nyuma kanda ambazo wateja walizileta zikiwa zimefika mwisho, nikasafisha hedi, yaani sehemu ya deki inayosoma kanda, kwa pamba na spiriti, na nyingine nilizitoa kwenye deki zikiwa zimetafunwa. DVD ilipofika, kazi hiyo yote iliisha siku moja: unachagua sehemu ya filamu unayoitaka, unachagua lugha, na diski haichakai kwa kutazamwa. Mteja aliiona faida hiyo hata kwenye televisheni kuukuu ya chogo.

Blu-ray ilimwongezea nini mtu huyohuyo? Picha na sauti bora, basi, tena kwa sharti kwamba anunue kwanza televisheni inayoweza kuzionyesha. Deki za Blu-ray zinasoma DVD pia, kwa hiyo hata aliyenunua deki mpya hakulazimika kuacha diski zake za zamani.

Msomaji wa Mwanza

Niongeze upande wa kwetu. Hapa wengi tuliiruka Blu-ray kabisa. Tulikuwa na DVD moja iliyobanwa filamu kumi, picha ikiwa na ukungu, kisha tukahamia kwenye flashi unayojaziwa filamu dukani. Netflix ilipofunguliwa kwetu Januari 2016, mwaka uleule ambao Blu-ray ya 4K, yenye picha kali zaidi, ilianza kuuzwa, wenye intaneti nzuri hawakuwa na sababu ya kutafuta diski. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu filamu ya mtandaoni huondolewa mkataba wa kuionyesha ukiisha, na diski iliyo kabatini haiondolewi na mtu.

Mtazamaji wa Tanga

Nawashukuru nyote. Mama wa Kanda, maelezo yako yamenigusa, kwani mke wangu alipoiona ile picha ya mzee alisema ni nzuri, kisha akauliza kama deki hii itacheza DVD za harusi yetu. Zile hazina alama ya eneo, na nimezijaribu: zinacheza.