Kuzifungua ripoti za CAG kwa mwananchi: tuanze na kipi?

Msanidi wa Moro (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza programu ya kumwezesha mwananchi kutafuta, kwa jina la halmashauri yake, yale ambayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ameyaandika katika ripoti za ukaguzi wa serikali za mitaa. Ripoti hizo si siri. Kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania, CAG humkabidhi Rais, naye huagiza ziwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, ndani ya siku saba tangu kikao hicho kuanza, na baada ya hapo yeyote anaweza kuzipakua. Kinachopakuliwa, hata hivyo, ni faili la PDF la mamia ya kurasa, lenye majedwali yaliyokatika katikati na viambatisho ambavyo hata mhasibu huvirudia mara mbili.

Aliyetusukuma kuanza ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama anayetaka kujua jambo moja tu: iwapo halmashauri yake ilitenga ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kama sheria inavyoagiza tangu mwaka 2018. Naomba ushauri wenu. Je, tuanze na chati, na utafutaji, au na kanzidata yenyewe? Na je, ni halali kuyafupisha maneno ya mkaguzi?

Mtunza Kumbukumbu, Dodoma

Ndugu yangu, hongera kwa kazi hii. Chati ziacheni kwanza. Mnachopaswa kukijenga kabla ya kitu kingine chochote ni uhusiano kati ya kila tarakimu na mahali ilipotoka, yaani jina la ripoti, mwaka wa fedha, namba ya ukurasa na namba ya jedwali, pamoja na picha ya ukurasa huo ambayo msomaji anaweza kuifungua kwa kubofya tarakimu yenyewe. Mwananchi atakayesimama mbele ya mtendaji wa kata na kusema "programu imeniambia" atarudishwa nyumbani, lakini yule atakayesema "ripoti ya mwaka huu, ukurasa huu, jedwali hili" atalazimika kujibiwa.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana, nalo ni majina. Kabla ya Februari 2021, "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" ilikuwa chombo kilichokuwepo sambamba na manispaa za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mwezi huo jiji lile lilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Programu inayounganisha kumbukumbu kwa jina peke yake itachukua hesabu za chombo kilichovunjwa, iziunganishe na hesabu za iliyokuwa Ilala, kisha imwonyeshe msomaji mstari mmoja wa miaka kumi ambao haujawahi kuwepo. Hali kadhalika Tunduma: mtu anayetafuta ripoti za zamani ataikuta chini ya Mkoa wa Mbeya, na za baada ya mwaka 2016 chini ya Songwe. Kila halmashauri ipewe namba ya utambulisho isiyobadilika, na majina pamoja na mikoa yahifadhiwe kando, kila moja na tarehe lilipoanza na lilipokoma kutumika.

Kuhusu miaka pia muwe makini. Ripoti iliyowasilishwa bungeni Aprili 2024 inahusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, 2023. Mkiandika "2024" tu juu ya jedwali, mtakuwa mmemdanganya mama yule bila kukusudia, hasa kwa kuwa mikopo anayoiulizia ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Atasoma sifuri au tarakimu ndogo na kumlaumu mtu asiyestahili lawama.

Mhandisi wa Programu, Nairobi

Naunga mkono hoja ya hapo juu. Sisi Kenya tulizindua tovuti ya takwimu huria za serikali Julai 2011, na ilisifiwa sana kwa kuwa miongoni mwa za mwanzo Afrika. Baadaye takwimu nyingi zilibaki bila kusasishwa, kwa sababu wizara zilizotakiwa kuzileta hazikuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa hiyo. Kwa hiyo jiulizeni mapema ni nani atakayeingiza ripoti ya mwakani, na ya mwaka utakaofuata.

Mkifikiria pia kuingiza kumbukumbu za majadiliano ya Bunge au sheria ndogo za halmashauri, msibuni muundo wenu. Upo muundo wa Akoma Ntoso, uliozaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 ukapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Unaeleza hotuba, kifungu, rekebisho na toleo kwa namna ambayo programu nyingine itaelewa.

Mkaguzi Mstaafu

Wanangu, nimeyasoma yote, nami nitajibu lile la kufupisha, kwa kuwa nimelibeba moyoni muda mrefu. Fupisheni, lakini msibadili uzito wa maneno. Hoja ya ukaguzi si hukumu ya wizi. Malipo yaliyokosa viambatisho yanaweza kuwa fedha zilizoliwa, na yanaweza pia kuwa stakabadhi zilizobaki kabatini kwa mhasibu aliyehamishwa. Mkiandika juu yake kwa rangi nyekundu kwamba fedha zimeibwa, mtamchafua mtu ambaye mwaka unaofuata hoja yake itafungwa.

Ndiyo maana nawasihi msiishie kwenye hoja mpya. Ripoti hueleza pia utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa na yaliyopitwa na wakati. Hapo ndipo penye faida kubwa kwa mwananchi, kwani halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zake zimeandaliwa ipasavyo, kila mwaka huku pendekezo lilelile likirudiwa bila kutekelezwa. Pendekezo lifuatilieni mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa macho matupu juu ya PDF sita, na programu yenu inaweza kuifanya vizuri.

Msanidi wa Moro (mwuliza swali)

Shikamoo mzee wetu, nanyi nyote nawashukuru. Tumeamua kuanza na mkoa mmoja na suala moja la asilimia 10, kila tarakimu ikiwa na ukurasa wake. Limebaki hili: mama yule anatumia simu ya kitochi. Tutamfikiaje?

Mtunza Kumbukumbu, Dodoma

Kwa ujumbe mfupi. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama za ziada, hivyo herufi 160 zinatosha kutaja halmashauri, mwaka wa fedha, kiasi kilichopaswa kutengwa, kiasi kilichotengwa na namba ya ukurasa. Asiporidhika, programu imwandalie barua ya maombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo humpa mmiliki wa taarifa siku 30 za kujibu. Barua hiyo itaje ripoti, ukurasa na jedwali, kisha ichapwe na mtu yeyote mwenye printa pale kijijini. Jina lake alijaze mwenyewe kwa kalamu, ili programu yenu isihifadhi orodha ya watu wanaouliza maswali. Tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha ya namna hiyo ni mzigo wa kisheria, na kwa watu hao inaweza kuwa hatari.