Tunampima Mungu kwa kamba ipi?

Jumapili iliyopita, kijiweni kwetu Ujiji, kahawa ilipoa vikombeni. Kijana mmoja anayesomea ualimu wa fizikia alimwambia mzee wetu: "Kama Mungu yupo, thibitisha." Mzee akanyoosha mkono upande wa ziwa. "Umeshafika chini ya Tanganyika wewe? Hujafika. Basi usiseme huko hakuna kitu." Kijana akajibu kuwa chini ya ziwa pameshapimwa, kina chake kinafika mita 1,470, ila Mungu hajapimwa na mtu. Sauti zikapanda, mmoja wetu akatamka neno "kafiri", kijana akaweka kikombe chini akaondoka. Hajarudi.

Nauleta mjadala huu kwa kuwa jambo hilo limeniuma. Naswali swala tano, wazee wangu wamezikwa Ujiji, na nasema wazi: sijaona hoja inayothibitisha kuwa Mungu yupo kwa namna ambayo asiyeamini akishaielewa analazimika kukubali. Wala sijaona inayothibitisha kuwa hayupo. Anayebisha alete hoja.

Kwanza hilo la ukafiri. Kijana aliomba ushahidi, na kanuni yetu wenyewe, ambayo kadhi yeyote anaijua, inasema ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Hapo sisi ndio wadai. Lakini na yeye akivuka kutoka "sijaridhika" hadi "nina hakika hayupo", ameshakuwa mdai kama sisi, naye alete wake.

Sasa turudi ziwani, maana mfano wa mzee ndio uliowasha moto. Watu hupenda kusema huwezi kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Si kweli. Mimi naweza kukuambia bila wasiwasi kuwa kwenye kina cha mita 1,000 hapa Tanganyika haishi samaki aina ya mgebuka hata mmoja, na sijazamia popote. Maji ya juu na ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki vya kutosha. Ukishapita kama mita 200 oksijeni hakuna, na mgebuka bila oksijeni anakufa. Tunajua mgebuka anahitaji nini ili awepo, tunajua huko chini hakipo, kesi imekwisha.

Je, Mungu anahitaji nini ili awepo? Kwa imani yangu, hahitaji chochote. Basi hakuna mahali tutakapokwenda tukakuta sharti lake limekosekana tuseme "ahaa, hapa hawezi kuwepo". Hapo ndipo kijana alipoteleza: alimfanya Mungu kama sakafu ya ziwa ambayo bado haijaguswa na kamba. Mzee naye, kwa heshima zote, ndiye aliyemtelezesha, kwa sababu mfano wake unamfanya Mungu awe kitu kimojawapo kilichojificha gizani kikisubiri kamba ndefu zaidi. Siku kamba ikifika chini na isikute kitu, utasema nini?

Mzee aliwahi kutupa hoja nyingine iliyo bora sana: kila chenye mwanzo kina mwanzilishi, ulimwengu una mwanzo, basi una mwanzilishi. Hii aliitetea Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na sijui hoja fupi iliyoishi miaka mingi hivyo. Ila waliokwazika nayo si wapagani peke yao. Ibn Rushd wa Kordoba, kadhi na Mwislamu, aliyefariki 1198, alimjibu al-Ghazali kwa kitabu kizima akisema hoja zake za namna hii ni za mabishano na hazifiki daraja la burhani, yaani uthibitisho wa yakini. Kwa Wakristo, Mtakatifu Thomas Aquinas, aliyefariki 1274, alikuwa na njia zake tano za kuonyesha kuwa Mungu yupo, lakini alisisitiza kwamba ulimwengu kuwa na mwanzo ni jambo la kuaminiwa, akili peke yake haiwezi kulithibitisha.

Najua mtaniambia sayansi ya leo imemaliza ubishi, kwamba ulimwengu ulianza kutanuka miaka bilioni 13.8 iliyopita. Aliyefungua njia ya wazo hilo ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, padri na mwanahisabati. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipohutubia kana kwamba sayansi hiyo inashuhudia uumbaji, padri huyu hakufurahi. Alitaka nadharia yake isimame au ianguke kwa vipimo, imani isifungwe kwenye mkia wake. Mtu aliyevaa kanzu ya kanisa alikataa zawadi ile, na sisi kijiweni tunaidaka kwa mikono miwili.

Kwa upande wa wanaokana, hoja nzito ni moja, na Kigoma tumeishi nayo. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani, maelfu kwa maelfu, kikaingia kipindupindu, watu wakafa. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi, boti ndogo zikiwafikisha melini. Nilikuwa gatini waliposhushwa. Mama mmoja alikuwa akirudia kwa sauti ya chini kuwa Mungu amemwokoa, na mimi nilikuwa nawafikiria waliozikwa kule. Ni yuleyule Mungu.

Mwaka 1979 William Rowe, mwanafalsafa wa Marekani asiyeamini, aliipanga hoja hii kwa uangalifu: mateso yasiyoonekana kuwa na faida yoyote yanatupa sababu nzuri ya kuamini kuwa Mungu mwema na muweza hayupo. Hakudai kuwa amethibitisha. Jibu letu la kawaida ni kwamba hekima ya Mungu hatuijui. Ninalishika jibu hilo. Lakini tuwe wakweli kuhusu bei yake: kama watu kufa kwa kipindupindu hakuhesabiwi dhidi yake kwa sababu hatuijui hekima yake, basi na mvua iliyonyesha baada ya dua haiwezi kuhesabiwa kuwa uthibitisho. Tunaijuaje hekima siku ya mvua tukaisahau siku ya msiba?

Kuna kitu kimoja kinachopimika kabisa, nacho ni ahadi anazotoa binadamu kwa jina la Mungu. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa na Mungu. Kama mtu amepona kisukari au Virusi vya UKIMWI, kipimo cha hospitali kinaonyesha. Dawa ikishindwa, aliyeshindwa ni mwenye ahadi. Asiyeamini hajashinda kesi ya Mungu hapo, na muumini akubali kwamba ile ahadi imeanguka, asitafute pa kuificha.

Mzee wangu, nakuomba uniambie: ni tukio gani likitokea kesho utasema "hapa nilikosea"? Kama halipo, usiliite ulilonalo uthibitisho. Liite imani, kama ninavyoiita yangu. Na wewe kijana, niambie Mungu uliyemkanusha anahitaji nini ili awepo, na ulikwenda kukitafuta wapi ukakikosa. Jumapili nitakuwepo kijiweni mapema. Kahawa yako nitailipia mimi, na neno lile halitatamkwa nikiwepo.