Homa haishuki, macho mekundu, midomo imepasuka: ni Kawasaki?

Mama Rehema (Mbagala): Wadau naombeni msaada jamani. Mwanangu ana miaka 2 na nusu, homa imemshika tangu Jumamosi na leo Alhamisi bado anaungua, nikimpa panadol inashuka kidogo inapanda tena. Malaria kapimwa hana, zahanati wakasema UTI wakampa antibayotiki lakini wapi. Sasa jana macho yote yamekuwa mekundu ila hayana tongotongo, midomo imepasuka hadi akinywa uji inatoa damu, na vipele mwilini. Jirani anasema surua ila chanjo kapata zote. Dada mmoja kanitajia ugonjwa wa Kawasaki, kuna anayeujua?

BabaK_Tabata: Mama Rehema usisubiri kesho. Wangu ilianza hivyohivyo, ulimi ukawa mwekundu una vidoti kama stroberi, miguu ikavimba mpaka sendozi hazimuingii. Kawasaki ni mishipa ya damu inavimba kwa ndani na hatari kubwa ni ile inayolisha moyo. Nenda kwa daktari bingwa wa watoto, mtajie siku homa ilipoanza na dalili zote hata zilizokwisha kupotea, maana hazitokei zote kwa mpigo na hapo ndo wengi wanachelewa. Dalili zipige na picha kwa simu umwonyeshe. Eko (kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mtoto pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Muhimbili, wanafanya.

Nesi_Ubungo: Nakazia. Inaweza isiwe yenyewe, ila homa siku 5 na macho na midomo hivyo lazima aonwe leo. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kusema ndiyo hii, daktari anaunganisha dalili, ndivyo alivyoieleza Dk. Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967. Dawa ni dripu ya IVIG (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji), inatakiwa ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Bila hiyo karibu mtoto 1 kati ya 4 mishipa ya moyo inatanuka, akiwahi inashuka kama 1 kati ya 25. Ni ghali kwa kweli, ulizia bima na ustawi wa jamii mapema. Aspirini usimpe mwenyewe nyumbani, hiyo daktari ndo anapanga.

Mama Rehema: Asanteni sana, baba yake yuko njiani tunaondoka. Mdogo wake ana miezi 5, haitamshika?

Nesi_Ubungo: Haiambukizi mama. Na ikithibitika ndo yenyewe, ngozi ikibanduka kwenye ncha za vidole wiki ya pili au ya tatu usishtuke, ila eko ya marudio ya wiki ya 6 hadi 8 usiikose hata kama anakimbia uani vizuri.