Straika wa madaraja ya chini Unguja na Pemba, tupeane uzoefu: mabao yetu yameandikwa wapi?

NAMBA TISA (mleta mada)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nina daftari la skuli la kurasa 96, lenye jadweli la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nimelitia kwenye mfuko wa nailoni lisiingie maji. Humo mna mabao yangu yote tangu 2011, nilipoanza kucheza Juvenile, ligi ya vijana wadogo, mpaka msimu uliopita nikiwa daraja la kwanza. Kila bao lina mstari wake: tarehe, uwanja, timu tuliyocheza nayo, mguu gani au kichwa, na nani kanipa pasi. Hakuna aliyenituma. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi, kila akirudi baharini huchora ukutani kwa mkaa alichopata siku ile, nami nikashika mwendo wake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye majaribio ya timu moja ya Bara. Siku mbili, nikafunga mawili. Kocha akaniita pembeni akaniuliza takwimu zangu zinapatikana wapi. Nikampa daftari. Akafunua kurasa mbili tatu, akasoma kwa heshima, wallahi hakunidharau, kisha akauliza: "Video huna?" Sina. Nikapanda boti nikarudi nyumbani.

Tangu siku ile sijatulia. Straika hana kitu kingine cha kuonesha. Beki anaweza kusifiwa kwa kusimama vizuri na kiungo kwa kutuliza timu, lakini mimi naulizwa idadi tu. Na idadi yenyewe nimeihesabu peke yangu.

Maisha yenyewe mnayajua. Mshahara hakuna, kuna nauli ya mazoezi na chai baada ya mechi, na mara moja moja tajiri wa maskani anatoa chochote ukifunga. Viwanja vya shamba nimevisoma kama mtu anavyousoma mlango wa kwao. Kuna kimoja kina jiwe la tumbawe limechomoza hatua mbili kabla ya boksi dogo la sita, upande wa kushoto wa goli. Mpira ukiligonga unaruka kwa nje. Beki mgeni hajui, anaufuata mpira ulikokuwa unakwenda, mimi nishageuka. Nimefunga manne kwa jiwe lile, na kwenye daftari nimeandika "jiwe" mahali pa jina la mtoa pasi.

2017 ndio mwaka wenye mistari mingi kuliko yote. Machi Zanzibar ilipokewa uanachama wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nikajiona nina sababu ya kuamka alfajiri kukimbia ufukweni. Julai tukavuliwa uanachama. Desemba Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya, wakapoteza kwa penalti. Niliisikiliza kwenye redio barazani, na kesho yake asubuhi nikakimbia vile vile.

Nawaomba mliocheza mbele, au mlioishi na mtu aliyecheza mbele, mseme. Mliishije, na nani alikuwa akiwahesabia?


MCHUMA KARAFUU (Wete)

Waalaykum salaam kaka. Mie nimecheza daraja la pili na la kwanza kanda ya Pemba, misimu saba.

Nyie wa Unguja mkipata mechi mnapanda daladala. Sisi tukiambiwa kuna timu ya Unguja inataka mshambuliaji, kwanza ni kutafuta nauli ya boti, kisha mtu wa kufikia kwake. Mie nilifikia kwa ami yangu Magomeni, nikalala sebuleni wiki tatu. Nilifika siku ya kwanza ya mazoezi miguu bado inayumba kwa bahari, nikakosa bao ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani angelifunga. Sikupewa siku ya pili. Naamini kama wangelikuwa na kitu cha kuwaambia kwamba msimu ule mie ndiye niliyekuwa nafunga Pemba, wangesubiri japo kesho yake.

La pili ni karafuu. Msimu ukiingia timu inavunjika. Kocha anapiga simu, nusu ya kikosi iko juu ya mikarafuu, kwa sababu kuchuma kunalipwa kwa pishi na pesa yake unaishika jioni ile ile. Mpira haukunipa hata siku moja kitu cha kukishika jioni. Nilikuwa nachuma tangu asubuhi, saa kumi nashuka, nanawa utomvu na vumbi, nakwenda mazoezini. Ukishinda umesimama kwenye matawi, nyayo zinauma kwa katikati, na ukivaa daluga unahisi kila njumu. Straika anataka miguu myepesi. Yangu ilikuwa mizito kuanzia Agosti.

Tarehe 13 Januari 2025 nilikuwa uwanja wa Gombani hapa Pemba, Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 wakachukua Kombe la Mapinduzi. Watu wamejaa mpaka hakuna pa kutia mguu. Goli lile la upande wa kaskazini mie nimelifunga mara tatu, watu hawakufika hamsini. Nililia, na mwanangu akadhani nalia kwa furaha ya kombe. Ilikuwa furaha kweli, ila haikuwa peke yake.


ASKARI WA KATI

Mimi nitasema upande wangu, na najua baadhi yenu hamtaupenda.

Nilikuwa nafunga daraja la pili, kikosi kimoja cha ulinzi cha SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kikaniona, nikachukuliwa, nikapitia mafunzo, nikaajiriwa. Hapa kwetu ligi inabebwa na vikosi: KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ, Zimamoto. Feisal Salum mwenyewe kapita JKU kabla ya kwenda Yanga. Kijana wa mtaani akinililia kwamba anataka kubaki na timu ya maskani kwa mapenzi, namwambia mapenzi yabaki moyoni, yeye aende.

Namba Tisa, mabao yangu mimi yameandikwa kwenye hati ya mshahara. Magoti yamechoka, sasa nakaa lindo, na tarehe ikifika pesa inaingia. Watoto wangu wanasoma kwa mabao yale.

Lakini nisifiche. Mchezaji mwenzangu aliambiwa "wewe njoo ucheze tu, ajira itafuata". Akacheza misimu minne akisubiri. Alinizidi kufunga, haki ya Mungu alinizidi. Msimu wa tano wakaleta kijana mpya mbele, naye hakuitwa tena mazoezini. Hana karatasi, hana barua. Kila nikimkuta sokoni Darajani ananiita "afande", nami huwa sijui niangalie wapi.


GOTI LA KUSHOTO

Nilikuwa na miaka 24. Mpira wa juu, kipa katoka, nikaruka, nikatua na mguu mmoja kwenye shimo. Nilisikia "tap" kama unavunja muhogo mkavu. Goti likafura kabla sijafika pembeni mwa uwanja.

Viongozi walikuja nyumbani siku ile usiku, wakaja na matunda, wakasema timu itasimamia kila kitu. Wiki ya pili akaja mmoja. Wiki ya nne hakuja mtu. Nikapelekwa kuchuliwa, mzee wa watu akalichua kwa mafuta ya nazi mara tatu kwa wiki, likapungua kufura nikadhani nimepona. Nikarudi uwanjani baada ya miezi mitatu. Mechi ya kwanza nilipogeuka tu, likatoka tena.

Kipimo cha MRI nimekuja kukifanya Dar es Salaam karibu miaka miwili baadaye, baada ya kuuza vespa. Daktari akanionesha kwenye picha: mshipa wa ndani wa goti umekatika wote. Akaniambia maneno ambayo nataka kila kijana humu ayashike: goti likilia namna ile na likafura ndani ya masaa machache, usilichue, usilikimbilie, lipimwe. Kila mara lilipotoka tena lilikuwa linasaga mfupa.

Uliuliza nani alikuwa akinihesabia mabao. Hata siku niliyoumia haikuandikwa popote. Nilipokwenda kudai wakaniambia labda niliumia kwenye ndondo, mechi za mtaani. Nilivaa jezi yao.


BEKI WA SHAMBA

Poleni. Mimi nimecheza nyuma, Kusini huko. Tulikuwa tunaambiwa: straika wao mpige mapema, dakika kumi za mwanzo, kwani mwamuzi haoneshi kadi mapema. Leo ninaposoma haya kuna mtu wa Makunduchi nimemkumbuka. Nitamtafuta.


MAMA WAWILI

Mimi si mchezaji, nimeolewa na mchezaji. Mume wangu alicheza mbele mpaka miaka 31.

Nilikuwa najua matokeo kabla hajasema. Akifunga, salamu yake inasikika tangu kwa jirani, na lazima aulize kuna nini cha kula. Asipofunga, anapitia mlango wa uani, anajimwagia maji muda mrefu, halafu anakaa kwenye kigoda anafuta daluga ambazo zimeshakuwa safi. Kuna msimu alikwenda mechi tisa bila bao. Mechi tisa, jamani. Mwanamke unaishi na mtu hali vizuri, halali, na humwambii neno kwa sababu neno lolote ni kosa. Ukimwambia litakuja, anakuuliza wewe unajua nini. Ukinyamaza, anasema hata wewe umenichoka.

Nyumba ililishwa na maandazi yangu. Sisemi kumdhalilisha, yeye mwenyewe anasema mbele za watu. Nilikuwa nakanda saa tisa usiku, naye akiamka kukimbia ananiachia moto umeshakoka. Ramadhani ligi yao ikisimama alikuwa anauza mbatata za urojo pamoja nami, na mwezi ule ndio tuliokuwa tunacheka sana.

Idadi ya mabao yake mimi siijui. Ila zile siku za mlango wa uani nazikumbuka moja moja.


KATIBU WA ZAMANI

Naomba nieleze kwa nini kumbukumbu zinapotea, maana nimekuwa katibu wa timu na najuta kwa mengi.

Mwamuzi akimaliza mechi anaandika taarifa: matokeo, wafungaji, kadi. Karatasi ile inakwenda kwa kamati ya ligi. Madaraja ya juu siku hizi mambo ni afadhali, lakini huku chini ikitokea hakuna rufaa, hakuna anayeifungua tena. Kamati inabadilishwa, ofisi inahama, makabrasha yanabaki. Mimi mwenyewe niliacha boksi zima kwenye chumba kilichovuja masika.

Kuandikwa kuna pesa ndani yake, vijana mfahamu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akivuka nchi akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 21 zina haki ya fidia ya malezi. Lakini ni zile alizosajiliwa kwa karatasi. Timu nyingi zetu zinamchezesha mtoto kwa jina la mwenziwe, au zinamsajili akishafika ishirini. Siku akifika mbali, mtaa uliomlea hauonekani.

Na mwenye mkataba: tangu 2018 kanuni hizo hizo zinasema klabu ikikaa bila kukulipa mishahara miwili ya mwezi, unaiandikia kuidai, unaipa siku 15 angalau, na isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Ila uwe na mkataba ulioandikwa, na nakala yake ikae kwako. Nimeona kwa macho yangu mchezaji anasaini juu ya boneti ya gari, karatasi inakunjwa inaingia mfukoni mwa kiongozi, yeye anapewa mkono.


NAMBA TISA

Nimesoma yote. Goti la Kushoto, nipe namba yako faraghani, kuna mtu wa mazoezi ya viungo namjua. Mama Wawili, nimemsomea mke wangu ulichoandika, akanyamaza, kisha akasema "mwambie na mimi".


KIPA MSTAAFU

Namba Tisa, samahani naingia kwa kuchelewa. Wewe si ndiye uliyekuwa unavaa bendeji nyeupe mkono wa kulia? Hebu fungua 2014, mwezi wa Aprili. Uwanja wa Dimani, mvua kubwa, nyinyi jezi za kijani. Kuna bao moja tu.


NAMBA TISA

Ngoja nilichukue daftari.

Nimeliona. "Aprili 2014, Dimani, kichwa, krosi ya kulia, mvua." Dakika sikuandika. Wewe ni nani?


KIPA MSTAAFU

Ndiye niliyefungwa. Niliugusa kwa vidole viwili ukaponyoka kwa maji. Ilikuwa dakika ya 88, nilikuwa nimeshamuuliza mwamuzi mara mbili zimebaki ngapi. Tulishuka daraja kwa bao lile.


NAMBA TISA

Nimeandika 88. Na jina lako nitalitia pembeni ukiniruhusu.


KIPA MSTAAFU

Litie. Andika na hivyo vidole viwili.